Presha upimie wapi: kliniki, duka la dawa au nyumbani?

Mama yangu alipoanza kusikia kizunguzungu, jirani yetu alimtazama usoni akasema, "Hiyo ni presha ya kushuka, mama." Akamkorogea maji ya chumvi kwenye kikombe cha bati, mama akanywa chote. Jioni akanywa kingine. Kulipokucha, kisogo kikimgonga, tukampeleka zahanati. Nesi akamfunga mkanda, akapima, akasubiri kidogo, akapima tena, kisha akaandika kwenye daftari: 178/104. Presha ilikuwa imepanda, na sisi tulikuwa tunaiongezea chumvi tangu jana yake.

Jirani simlaumu. Alifanya kwa mapenzi, na wengi wetu tungefanya vilevile. Kizunguzungu huletwa na presha ya kushuka, ni kweli, lakini huletwa pia na upungufu wa damu, sukari kushuka, homa, maji kupungua mwilini, hata matatizo ya sikio. Presha ya kupanda nayo mara nyingi haitoi dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya kupanda hawajui kama wanayo. Uso wa mtu haukwambii presha yake iko juu au chini. Mashine ndiyo inayokwambia, na hapo ndipo swali la wengi linapoanzia: nipimie wapi? Niende kliniki, nipite duka la dawa la mtaani, au ninunue mashine yangu?

Nimezunguka njia zote tatu na mama, na shangazi, na baba mkwe. Kila moja ina mahali inapofaa.

Namba zenyewe kwanza

Kipimo kina namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa wakati moyo unasukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Zinahesabiwa kwa milimita za zebaki kwa sababu mashine za zamani zilikuwa na bomba la kioo lenye zebaki ndani. Mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, alieleza kwamba ukiweka stetoskopu juu ya mshipa wa mkono huku mkanda unalegezwa, mlio wa kwanza unakupa namba ya juu, na pale mlio unapopotea unapata namba ya chini. Nesi mwenye stetoskopu bado anafanya kazi hiyohiyo. Mashine ya betri haisikilizi chochote: inahisi mtikisiko wa mshipa kupitia mkanda, halafu inakokotoa namba. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Kliniki, presha huitwa ya kupanda ikiwa 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Inatosha namba moja kati ya hizo mbili kuvuka mpaka. Marekani tangu 2017 wanahesabu kuanzia 130/80, ndiyo maana ndugu yako aliyeko huko anaweza kuambiwa ana presha kwa namba ambayo hapa ungeambiwa uiangalie tu. Nyumbani, ambako mtu ametulia, mpaka unashuka: wastani wa 135/85 kwenye meza yako unalingana na 140/90 ya kliniki.

Presha ya kushuka kwa kawaida ni chini ya 90/60. Hapa lugha yetu inatuponza kidogo. Tunasema "ya kupanda" na "ya kushuka" kama vile ni magonjwa pacha. Ya kupanda ni ugonjwa wa muda mrefu, unaokula figo, moyo na mishipa ya ubongo kimyakimya kwa miaka. Ya kushuka mara nyingi ni ishara ya jambo lingine: kuhara, kutokwa na damu, maambukizi makali, dawa iliyozidi, au maji machache siku ya jua kali. Na wapo watu, hasa vijana wembamba na wanamichezo, wanaoishi na 95/60 maisha yao yote wakiwa wazima kabisa. Hao hawana cha kutibiwa.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali matano. Namba yake inaaminika kiasi gani? Unaweza kupima mara ngapi, maana kipimo kimoja ni picha moja tu ya siku nzima? Inaweza kuishika presha ya kushuka au inafaa kwa ya kupanda tu? Inagharimu nini, pesa na muda? Na la mwisho, ambalo watu husahau: ukishapata namba, nani yupo hapo kukwambia ufanye nini?

Kuna jambo moja halijali umepimia wapi, nalo ni namna ulivyokaa. Tulia kwenye kiti dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu usiikunje nne. Mkono uegemee meza ili mkanda uwe usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta. Kahawa, sigara na mazoezi viwe vimepita nusu saa. Haja ndogo umemaliza. Na usiongee. Kila moja ya hayo ukiliacha, namba hupanda, na makosa mawili matatu yakikutana, mtu mwenye afya anaweza kutoka na cheti cha mgonjwa. Kwa mnene wa mkono kuna mtego mwingine: mkanda mdogo kuliko mkono husoma juu kuliko ukweli. Mikanda mingi ya kawaida imetengenezwa kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime katikati ya bega na kiwiko, ujue wewe ni wa mkanda upi.

Kliniki, zahanati au kituo cha afya

*Kuaminika.* Kipimo cha mhudumu mwenye utulivu ni kizuri sana. Atapima mikono yote miwili mara ya kwanza na kufuata wenye namba kubwa. Kama mapigo ya moyo wako hayana mpangilio, stetoskopu itamsaidia kuliko mashine ya betri, ambayo mtikisiko usio sawa huichanganya. Lakini mazingira ni jambo jingine. Umetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, umepanda daladala umesimama, umekaa foleni kwa muda wa saa tatu bila chai. Jina linaitwa, unaingia haraka, mkanda unafungwa huku unaulizwa umri na unakotoka. Namba inayotoka hapo ni ya foleni kama ilivyo yako.

Kuna pia presha ya koti jeupe, ile inayopanda mtu akiwa mbele ya daktari tu. Shangazi yangu kila akifika kliniki alikuwa na 150 na kitu. Mara moja ilifika 158/96. Daktari wake, badala ya kumwandikia dawa palepale, alimwambia aazime mashine apime wiki nzima nyumbani. Wastani ukaja 126/78. Hakupewa dawa. Aliambiwa apunguze chumvi, atembee, na arudi kuangaliwa, kwa sababu watu wa namna hii wengine baadaye hupata presha ya kweli.

*Kurudia.* Hapa kliniki ni dhaifu. Mara moja kwa mwezi, au kwa miezi mitatu, ndicho kinachowezekana kwa wengi.

*Presha ya kushuka.* Ndipo mahali pa kuitafutia sababu, ila mara nyingi itabidi uombe. Baba mkwe alikuwa akianguka usiku akiamka kwenda chooni. Kwenye kiti alipima 138/80 na kila mtu akasema mzee yuko sawa. Siku aliyopimwa amelala, kisha akapimwa tena baada ya kusimama, namba ya juu ilishuka kwa zaidi ya 25. Kushuka kwa 20 kwa namba ya juu, au 10 kwa ya chini, ndani ya dakika tatu za kusimama, ni jambo la kushughulikia. Dawa ya kukojoza aliyokuwa akinywa ikaangaliwa upya, na hajaanguka tena. Sema wazi: "Naomba unipime nimelala, kisha nikisimama."

*Gharama.* Kipimo chenyewe mara nyingi si pesa nyingi. Nauli na siku ya kazi iliyopotea ndizo zinazouma.

*Baada ya namba.* Hapa hakuna mshindani. Mkojo unapimwa protini, figo na sukari vinaangaliwa, moyo unapimwa umeme wake, dawa inachaguliwa na kubadilishwa. Hakuna duka wala mashine ya mezani inayofanya hayo.

*Inamfaa* anayeanza, ambaye hajawahi kuambiwa ana presha, mjamzito, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, na yeyote ambaye namba zake za nyumbani zimekwenda ovyo.

Duka la dawa na vipimo vya mtaani

Humu naweka famasi, maduka ya dawa muhimu ya Tanzania, kemisti za Kenya, na meza za upimaji zinazowekwa sokoni, msikitini au kanisani, hasa kuelekea tarehe 17 Mei, Siku ya Shinikizo la Damu Duniani. Naweka pia wahudumu wa afya ya jamii. Kule Kenya tangu Septemba 2023 wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, wakaanza kuwafikia watu mlangoni.

*Kuaminika.* Inategemea duka na inategemea siku. Nimeona mtu akipimwa amesimama kaunta, mfuko wa nyanya mkononi, mkono unaning'inia, nyuma yake watu wawili wanaulizia Panadol. Mkono ulioning'inia chini ya moyo husoma juu. Lakini nimeona pia duka lenye kiti pembeni na kadi ndogo wanayokuandikia tarehe na namba. Ukikuta la namna hiyo, lifanye lako. Usione haya kusema, "Naomba nikae kwanza." Mwenye kujua kazi yake hatakasirika.

*Kurudia.* Nzuri kuliko kliniki. Unapita ukitoka kazini, mara moja kwa wiki, duka lilelile, saa ileile. Ukibadilisha maduka kila wiki, unalinganisha mashine zao, hulinganishi presha yako.

*Presha ya kushuka.* Dhaifu. Ukifika duka la dawa ukiwa na 85/50 na jasho la baridi, si mahali pa kununua vidonge vya kuongeza damu. Ni mahali pa kuitia usafiri.

*Gharama.* Pesa kidogo au bure.

*Baada ya namba.* Mfamasia mzuri atakwambia rudi kliniki, na atakagua kama kuna dawa unazokunywa zinazopandisha presha. Za maumivu kama diclofenac na ibuprofen zimo. Hofu yangu ni pale kipimo kimoja kinapogeuka kuwa dawa papo hapo: 152/94 mara moja, na mtu anatoka na karatasi ya amlodipine, dawa ya kushusha presha, bila daktari kumwona. Usikubali. Usichukue pia dawa ya jirani kwa sababu "na yeye ana presha". Wawili wenye 160/100 wanaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa.

*Inamfaa* mwenye afya anayetaka kujijua mara moja moja. Kijana wa miaka thelathini ambaye hajawahi kufungwa mkanda. Na mgonjwa ambaye mashine ya nyumbani bado haijawezekana.

Nyumbani, kwa mashine yako

*Kuaminika.* Mashine ikiwa nzuri na ukakaa inavyotakiwa, wastani wa nyumbani unatabiri kiharusi na matatizo ya moyo vizuri kuliko kipimo kimoja cha kliniki. Unamwona mtu katika maisha yake, si katika foleni. Na inanasa kitu ambacho kliniki haikioni: wapo ambao kliniki wana 130/80 safi, lakini nyumbani na kazini wamepanda. Hao hatari yao ni ya kweli, na bila kipimo cha nje ya kliniki hawajulikani.

Tatizo liko kwenye mashine. Nunua ya mkono wa juu. Za kifundo cha mkono zinavutia kwa udogo, lakini ukizishika chini au juu ya moyo kidogo tu, namba inakimbia. Nisingechukua hiyo isipokuwa mkono wa mtu ni mnene kiasi kwamba hakuna mkanda wa juu unaomtosha. Za kidole ziache dukani. Saa za mkononi zinazodai kupima presha nazo usizitumie kuamua dawa. Kabla ya kulipa, andika modeli iliyo kwenye boksi ukaitafute kwenye orodha ya mtandaoni ya STRIDE BP, inayoorodhesha mashine zilizojaribiwa kwa viwango. Kisha siku ya kliniki nenda nayo, mpimwe kwa zamu, ya nesi na ya kwako, muone zinavyoachana.

*Kurudia.* Hapa ndipo nyumbani panang'aa. Utaratibu tulioelekezwa ni huu: siku saba, asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni kabla ya kula. Kila mara vipimo viwili, dakika moja kati yake. Siku ya kwanza unaitupa, zinazobaki unatafuta wastani. Andika zote, hata zisizokupendeza. Daftari la mama ni la mistari, lile la shule, lenye jedwali la hesabu nyuma. Safu moja ya tarehe, moja ya namba, moja ya maneno. Kwenye safu ya maneno kuna "msiba", "sikulala", "dagaa wa chumvi". Daktari alisoma safu ile ya tatu kwa muda mrefu kuliko namba.

*Presha ya kushuka.* Nzuri sana, kwa sababu unaweza kupima wakati ule ule macho yanapoingia giza. Pima umekaa, simama, pima tena baada ya dakika moja na ya tatu, na mtu awe karibu kukushika. Aliyeongezewa dawa wiki hii, au anayefunga Ramadhani huku akinywa dawa za presha, atapata humo habari ambayo kliniki ya mwezi ujao haitampa.

*Gharama.* Kubwa mara moja, kisha betri. Nyumba mbili tatu za ukoo mmoja zinaweza kuchanga. Sisi tulifanya hivyo. Hakikisha tu mkanda unawatosha wote.

*Baada ya namba.* Uko peke yako, na huu ndio udhaifu wake mkubwa. Mama mwezi wa kwanza alikuwa anapima mara tisa kwa siku. Kila namba ilimtia hofu, hofu ikapandisha inayofuata. Tulilazimika kuiweka mashine kabatini kwangu, inatoka asubuhi na jioni. Kuna hatari ya upande wa pili pia: mtu anaona 124/76 siku nne mfululizo, anaamua amepona, anaacha dawa. Ile 124/76 imeletwa na dawa.

*Inamfaa* aliyekwisha kuanza dawa; mwenye presha ya koti jeupe kama shangazi; mzee anayesikia kizunguzungu akisimama; na anayeishi mbali na kituo. *Haimfai* mwenye wasiwasi usiotulia, asipokuwa na mtu wa kumwekea mpaka.

Njia ya nne niitaje tu: mashine ya saa 24, inayovaliwa kiunoni na kujipima yenyewe mchana na usiku. Inaonyesha presha ukiwa usingizini, jambo ambalo hizo tatu haziwezi. Hupatikana zaidi hospitali kubwa. Daktari akiitaja, ujue anatafuta jibu ambalo daftari halikumpa.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kupima, anza popote palipo karibu, hata meza ya sokoni. Ikitoka 140/90 au zaidi, usinunue kitu. Nenda kliniki siku nyingine upimwe tena.

Kama umeambiwa una presha ya kupanda na umeanza dawa, changanya: nyumbani wiki moja kabla ya kila miadi, na kliniki kwa miadi yenyewe. Ukikosa mashine, duka moja la dawa lenye kiti, mara moja kwa wiki.

Kama tatizo lako ni kizunguzungu na hujui ni ya kupanda au ya kushuka, usionje chumvi wala kitunguu saumu kabla ya kipimo. Kaa au lala, kunywa maji ya kawaida, tafuta mashine iliyo karibu zaidi. Kizunguzungu kikirudi, kliniki, na uombe kupimwa ukisimama.

Kama ni mjamzito, kliniki haina mbadala. Mashine ya nyumbani iwe ya nyongeza, na iwe imejaribiwa kwa wajawazito, kwani nyingi hazijajaribiwa. Kichwa kuuma sana, macho kuona maruweruwe, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu au uso kuvimba ghafla: nenda siku hiyohiyo, kwa sababu kifafa cha mimba hakisubiri tarehe ya kadi.

Kama unamtunza mzazi ukiwa mbali, mashine nzuri ya mkono wa juu na mjukuu anayejua kusoma namba vina faida kuliko simu ya kila siku ya "unajisikiaje". Mjukuu apige picha ya kioo cha mashine na kuituma.

Na kama namba ni 180/120 au zaidi, keti dakika tano upime mara ya pili. Ikibaki hapo na huna dalili yoyote, mwone daktari siku hiyo. Ikiwa kifua kinabana, pumzi ni fupi, mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki vizuri, usipime tena, na kama hujapima kabisa usianze. Iache mashine mezani, mtafutieni mgonjwa gari.